Nyuzi Mbili Nyekundu na Mmoja wa Kijani

Ni mwaka mmoja sasa tangu pasi yako ipoe, mama.

Tukisema ipoe tunasema tu. Kitinda mimba wako huiwasha kila asubuhi. Huitia mkaa, huipuliza mpaka majivu yamwingie machoni, na akiulizwa kwa nini analia husingizia majivu. Ila mkono ulioizoea haupo, na pasi inajua. Inavuta upande. Juzi baba aliitazama akasema, "Hii pasi imekuwa kama punda aliyefiwa na mwenyewe." Tukacheka wote. Kisha tukageukia mlango wote kwa pamoja, kama watu waliosikia hodi.

Mtaani ulikuwa Mama Dobi. Wapo waliokufahamu miaka ishirini bila kujua jina lako jingine. Ulisema lile la ubatizo umeliweka akiba, kwa sababu siku Bwana atakapoita watu hatamwita mtu kwa beseni lake.

Tunakukumbuka kwa kazi yako. Ulifua nguo za watu kwenye ua ule ule, chini ya bati lile lile, na ncha za vidole vyako zilikuwa zimejikunja hata Jumapili, siku ambayo hukugusa maji ya kazi. Ulikuwa na kamba mbili. Kamba ya nje ilikuwa ya nguo zinazokauka. Kamba ya ndani, iliyotoka dirishani ikakata chumba cha kazi mpaka juu ya kabati, ilikuwa ya nguo zilizokwisha kupigwa pasi, zinazomngoja mwenyewe.

Hukuandika jina la mtu kwenye nguo hata siku moja. Kila nyumba uliipa alama ya nyuzi, mishono mifupi ya rangi ndani ya kola, pale shingo inapokaa. Mwalimu mkuu alikuwa nyeusi tatu. Muuza dawa alikuwa njano moja na bluu moja. Kila mteja aliijua alama yake, na wengine waliizoea mpaka ikawa utani wa barabarani.

"Nyeusi Tatu, umeamkaje?"

"Salama, Njano na Bluu. Ile suruali bado inafunga au tumbo limeshinda kesi?"

Alama zote zilikuwa kichwani mwako. Baadaye zikakaa vichwa viwili, maana ulimfundisha kitinda mimba alipomaliza darasa la saba na hapakuwa na mahali pengine pa kwenda. Somo lilikuwa moja tu. "Anza ndani ya kola," ulimwambia. "Nje ya kola ni ya watu wa barabarani. Ndani ndiko mwenyewe aliko."

Na ndani ya kola ndipo ulipoombea. Pasi ikipita juu ya zile nyuzi, midomo yako ilicheza. "Bwana, huyu." Basi. Hukuongeza neno. Kola inayofuata, "Bwana, huyu." Kitinda mimba alipokuwa mdogo alidhani ndivyo pasi inavyoamrishwa ishike moto. Siku moja ulimkuta ameinamia pasi baridi, anaiambia, "Bwana huyu, Bwana huyu," ukacheka mpaka ukakaa ndani ya beseni lenye mashuka ya watu.

Halafu ukaja ule mwaka.

Hatutausimulia wote. Waliokuwepo wanaujua, na ambao hawakuwepo waendelee kumshukuru Mungu. Inatosha kusema kwamba watu wa ng'ambo ya reli, watu tuliooana nao na kuzikana nao, waligeuka kuwa "wale" ndani ya wiki moja. Waliondoka asubuhi kweupe, magodoro kichwani, bila kuaga, kwa sababu hawakujua tena nani ni wa kuagwa. Mchungaji naye alikwenda nao, maana nyumbani kwao ni huko huko. Kanisani mabenchi ya upande wa kushoto yakabaki matupu, na sisi wa upande wa kulia tuliketi tukitazama mbele tu, shingo ngumu, kama mtu anayepita penye kaburi bichi.

Nguo zao zilibaki kwako. Kamba ya ndani ilijaa mpaka ikalegea katikati.

Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyeanza. "Wifi, gawa hizi nguo. Wenyewe hawarudi."

"Nani kakwambia?"

"Hata wakirudi, ndio waje kuulizia mashati? Watu wamekimbiza roho zao!"

"Aliyekimbiza roho yake akirudi, atataka shati safi la kuiwekea."

Shangazi akaguna. "Na huyo Mungu wako ndiye anayetaka upige pasi nguo ya mtu ambaye hayupo?"

"Anachotaka kwa wengine sikijui, wifi. Mimi nimepewa kidogo. Nimepewa kola."

Basi kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi uliziteremsha zote, ukazianika saa moja juani zisishike uvundo, ukazipiga pasi upya, ukazirudisha. Nguo ambazo hazikuvaliwa na mtu, ukizinyoosha kama za harusi. Ukianza ndani ya kola. "Bwana, huyu."

Leo tukubali kwamba tulikiogopa kile chumba. Upepo ukiingia dirishani, mikono ya mashati ilijaa, vifua vikainuka, magauni yakageuka kidogo, kama watu walioitwa. Kifungua mimba wako, fundi bomba, mwanamume wa kubeba chuma begani, alikuwa akizunguka nyumba nzima kwa nje ili asikatishe humo.

"Wananitazama wale," alisema.

"Hawana macho, mwanangu."

"Ndiyo maana."

Na Jumatano saa tisa alasiri ulikwenda kufungua kanisa kwa maombi ya katikati ya juma, kama kawaida, ingawa hapakuwa na chochote cha kawaida. Ulifagia, ukafuta vumbi mabenchi ya pande zote mbili, ukaketi. Majuma mengine mlikuwa watatu. Mengine ulikuwa wewe na nyigu wa kwenye dari. Baba alikuuliza, "Mama watoto, unakwenda kumhubiria nani?"

"Simhubirii mtu. Nashika zamu."

Mchana mmoja vijana walikuja, watano, na fimbo mikononi. Wa mbele alisimama mlangoni pa chumba cha kazi akaziba mwanga. Kitinda mimba alikuwa pembeni ananyunyiza maji kwenye shuka, na mpaka leo akinyunyiza maji huusikia ukimya ule.

"Mama Dobi, tunataka vitu vya wale."

Hukuiweka pasi chini. "Wale hawana majina?"

"Usijifanye. Tuonyeshe zipi zao."

"Zote ni za watu walionipa kwa mkono. Nitawarudishia kwa mkono."

Wakaanza kupekua. Wakageuza kola moja, mbili, tatu. Nyuzi za kijani, nyuzi nyeusi, nyuzi nyekundu. "Hii maana yake nini?"

"Maana yake ina mwenyewe. Na wewe hebu geuza kola yako."

"Nini?"

"Geuza. Bluu nne. Mama yako aliniletea hilo shati mwezi uliopita, na mengine matatu ya nyumba yenu yapo hapo hapo kwenye kamba. Haya, chukua unachotaka. Ukifika kwenu na shati la baba yako, utamwambia ulimteka nani?"

Mmoja wa nyuma akaangua kicheko, akapigwa kiwiko. Hata hivyo hawakutaka kuondoka mikono mitupu. Walipapasa wakabeba fungu moja, wakatoka. Ulichungulia mlangoni ukawaambia, "Hilo lina blauzi ya vifungo vya kioo. Msije mkaikamua kwa nguvu."

Kesho yake adhuhuri fungu lilikuwa limetupwa uani, limelowa tope. Uliliinua, ukalikung'uta, ukasema, "Zimerudi. Zimechoka tu." Ukaziloweka. Lakini kitinda mimba aliona mikono yako ndani ya povu. Ilikuwa inasugua kola moja tena na tena, ingawa tope lilikwisha kutoka. Ukamwona anaona.

"Usidhani siogopi," ulimwambia. "Naogopa sana. Ila hofu haijui kufua, kwa hiyo kazi nafanya mimi."

Mwaka wa pili wakaanza kurudi, mmoja mmoja, kama watu wanaopima maji kwa kidole cha mguu. Walisimama mlangoni hawajui waweke wapi macho. Hukuwauliza walikuwa wapi. Uliwauliza, "Rangi?" Fundi viatu alisema, "Njano mbili... nadhani ni njano mbili." Ukampa fungu lake, limenyooka, linanukia jua. Alilinusa, akakaa kwenye kizingiti, akashindwa kuinuka. Ulimletea maji ya kunywa ukaendelea na kazi, ili alie bila kutazamwa. Jumapili yake alikuwa benchi la kushoto. Hivyo ndivyo lile benchi lilivyoanza kujaa, mama. Mchungaji mpya alipokuja alikuta watu.

Ugonjwa ulikujia taratibu, kama mteja asiye na haraka. Kwanza ulipiga pasi umekaa. Kisha ukapiga kwa mdomo, ukiwa umelala chumba cha pili, unasikiliza. Pasi ikigusa meza tu, sauti yako ilikuja.

"Umeanzia wapi?"

"Ndani, mama."

"Haya."

Uliondoka Ijumaa alfajiri. Jumamosi mchana tulikuzika. Na sasa, mama, tuseme lile ambalo tulilificha karibu mwaka mzima, tuliseme mbele ya watu, kwa sababu wewe hukuficha nguo ya mtu.

Wanawake wa umoja wa kanisa wana sare moja, gauni jeupe lenye kola ya samawati, lililokatwa kwenye jora moja na fundi mmoja. Sare yako miaka yote ilikaa Jumamosi mwisho wa kamba ya ndani, upande wa dirisha, ikiingoja Jumapili. Kitinda mimba alinyoosha mkono pale pale mkono wako ulipokuwa ukienda. Palikuwa na gauni jeupe lenye kola ya samawati. Akalitandaza mezani. Ua ulijaa watu, gari la mazishi lilikuwa linapiga honi, shangazi alikuwa mlangoni anasema, "Haraka, mwanangu, haraka, mchungaji amefika." Na kwa mara ya kwanza maishani mwake, na mara ya mwisho, alianza nje ya kola. Ndani hakufika.

Shangazi na wenzake walikuvika. Lilikupwaya. Mabegani lilianguka, kiunoni lilijikunja. "Jamani ugonjwa," shangazi alilia, "umemla wifi yangu, tazameni gauni linavyompwaya." Tukalia wote kwa ajili ya ule upwayo. Tukakushusha.

Wiki ya pili tulifungua sanduku la chini ya kitanda ili shangazi apange nguo zako. Baba ndiye aliyekuwa ameiweka humo sare yako ulipoanza kuugua, ameikunja na kipande cha sabuni katikati isiingie nondo. Akaisahau. Ilikuwa ile ile, yenye kiraka cha kwapa na pindo ulilolishusha. Kitinda mimba aligeuza kola. Hapakuwa na uzi. Dobi hajiwekei alama.

Alikwenda chumba cha kazi akaipitia kamba ya ndani kola kwa kola. Kisha akakaa sakafuni.

Nyekundu mbili na kijani moja haikuwepo.

Hiyo ni alama ya Mama Mabawa, mwimbaji wa ng'ambo ya reli. Aliitwa hivyo kwa kuwa akiimba aliinua mikono mpaka jirani zake wakainama, na alikuwa na mwili wa kutosha watu wawili. Gauni lake lilikuwa miongoni mwa nguo zilizobaki. Jumamosi ya kwanza ya mwezi ule kitinda mimba mwenyewe ndiye aliyelirudisha kambani, na akalitundika mwisho, upande wa dirisha, kwa kuwa hapo ndipo palipokuwa na nafasi.

Wewe ambaye hukupoteza hata leso ya mtu, ulikwenda kaburini umevaa amana ya mtu aliyekimbia.

Kaka, yule fundi bomba, alisema, "Ni gauni tu. Nani anajua? Chukua hili la mama, litie nyuzi zile zile, tundika. Akirudi apewe, yaishe."

Baba alilirudisha sanduku chini ya kitanda. Siku ya tatu, anakunywa chai, akasema, "Mama yenu angejua," akaendelea kunywa chai.

Lakini kitinda mimba alikwisha kuichukua sindano. Alishona uzi wa kwanza mwekundu ndani ya kola yako. Akashona wa pili. Akatunga wa kijani, na mkono ukakataa. Anasema haukufa ganzi, haukutetemeka, ulikataa tu, kama mtoto anayekataa kupanda gari. Basi gauni lako likakaa kwenye kamba ya ndani mwaka mzima, na nyekundu mbili, si lako tena, si la mtu.

Tangu siku hiyo "Bwana, huyu" haikumtoka. Alipiga pasi kila Jumamosi ya kwanza, hakuruka hata moja, midomo imefungwa. Kanisani alikwenda, ila mezani pa Bwana hakusogea. Waumini wenzake walisema ni msiba. Haukuwa msiba peke yake. Kila pasi ilipogusa meza, kutoka chumba cha pili, pale penye kitanda kilichotandikwa kisicholaliwa na mtu, alisikia, "Umeanzia wapi?" Tulimsikia tukiwa uani. Tulimsikia anajibu, "Ndani, mama." Kisha anangoja ile "haya." Haikuja.

Alikuwa anaogopa kitu kimoja. Mama Mabawa atarudi, na mji wote utasema kwamba hata nyumbani kwa Mama Dobi vitu vya waliokimbia vililiwa. Na pale fundi viatu alipokalia kizingiti akalia, watu watapatemea mate. Imani yako yote, mama, miaka yako yote ya zamu, ilikuwa imening'inia kwenye nyuzi tatu, na yeye ndiye aliyezikata.

Wiki tatu zilizopita, Alhamisi, jua likiwa bado kali, mtu alipiga hodi.

Kitinda mimba hakumtambua. Alikuwa mwanamke mwembamba, mifupa ya shingo nje, ameshika mkoba kifuani kwa mikono miwili. Alikitazama chumba, akaitazama pasi, akasema, "Mama yuko wapi?"

"Mama alifariki. Mwezi huu anatimiza mwaka."

Yule mwanamke aliweka mkoba chini. Akainua mikono yote miwili juu, polepole, na hapo ndipo kitinda mimba alipomjua.

"Mama Mabawa."

"Mabawa yamenyonyoka, mwanangu. Umebaki umama." Akajifuta uso. "Sikuja kwa ajili ya nguo. Mungu ni shahidi. Nimekuja kwa ajili yake. Ila njia nzima nilikuwa nasema, nikifika ataniuliza 'Rangi?' Hata salamu hatanipa. Nikawa nairudia ndani ya basi, watu wakadhani nina wazimu. Nyekundu mbili, kijani moja. Nyekundu mbili, kijani moja."

Gauni jeupe lilikuwa juu yao, kwenye kamba. Lilikuwa na nyekundu mbili. Angelishusha, angelikunja, angempa, na yule mama asingegeuza kola pale pale. Kaka alikuwa uani anafunga bomba, na kupitia dirishani alikuwa anamkazia dada yake macho, anamtikisia kichwa kwamba mpe, mpe.

Kitinda mimba alilishusha, akaliweka mezani, akageuza kola mwenyewe.

"Hili si lako, mama. Ni la mama yangu. Nyuzi hizi nilizitia mimi kwa uongo, nikashindwa kumaliza. Lako nilimvika siku ya mazishi. Nilikosea. Sikutazama ndani. Tulimzika nalo."

Bomba uani liliacha kulia. Mama Mabawa alizitazama zile nyuzi mbili muda mrefu, mkaa ukajivika majivu ndani ya pasi.

"Lilimkaa?" akauliza.

"Nini?"

"Gauni langu. Lilimkaa?"

"Lilimpwaya."

"Lazima limpwaye! Mimi wakati ule nilikuwa mtu na nusu. Masikini mama wa watu, siku ya parapanda atainuka ameshika kiuno lisimdondoke." Akacheka mpaka akashika ukingo wa meza. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Nyuzi zangu ziko shingoni mwake?"

"Ziko."

"Zote tatu?"

"Zote tatu."

"Sikiliza, mwanangu. Kule nilikokuwa, nilikaa nikihesabu watu wa mji huu walionitupa. Nilikuwa nawahesabu kama rozari ya shetani, mmoja mmoja, kila siku. Leo unaniambia mmoja wao amenivaa mpaka chini ya ardhi." Akavuta pumzi. "Nipe hilo lake."

Kitinda mimba alichukua wembe ili afumue zile nyekundu mbili. Mama Mabawa akamshika mkono.

"Ziache. Na kijani usitie. Kijani anayo yeye. Tutazilinganisha tukionana."

Kisha akasema, "Lipitishie pasi basi. Siwezi kwenda kanisani na mikunjo."

Kitinda mimba alipuliza mkaa. Alianza ndani ya kola. Pasi ilipofika juu ya zile nyuzi mbili, midomo yake ikacheza kabla hajaiamuru. "Bwana, huyu." Mama Mabawa alisikia. Kaka alisikia. Anasema na kutoka chumba cha pili alisikia kitu, lakini kaka siku hizi anasikia mambo mengi, na hatukumuuliza ni nini.

Jumapili iliyofuata tulikuwa kanisani mapema. Baba, unajua macho yake yalivyofifia, alikuwa ameketi benchi lenu, mwisho, na pengo lako kando yake, lile ambalo mwaka mzima hakuna aliyethubutu kulikalia. Kwaya ilikuwa imeanza. Mlangoni likaingia gauni jeupe lenye kola ya samawati, lenye kiraka cha kwapa, lenye pindo lililoshushwa, likaja kwa mwendo wa taratibu kati ya mabenchi. Halikwenda kushoto. Lilikuja kwetu. Shangazi alimshika kitinda mimba, akamshika kaka, akajishika mwenyewe.

Baba hakugeuka. Alisogea tu kidogo na kuinua miguu pembeni, kama alivyokuwa akikupisha wewe.

"Umechelewa, mama watoto," alisema kwa sauti ya chini.

Mama Mabawa aliketi. Hakumsahihisha. Wimbo ulipofika kwenye kiitikio aliinua mikono, na baba akainama bila kutazama, kisha akakaa hivyo hivyo ameinama, mabega yanatikisika, mpaka wimbo ukaisha. Walipoitwa mezani, kitinda mimba wako alisimama akaenda.

Kwenye kamba ya ndani limebaki shati moja la waliokimbia, mama. Ni la samawati lililopauka, mikono mirefu, njano tatu na nyeusi moja. Jumamosi ya kwanza lilianikwa, likapigwa pasi, likarudi. Upepo ukiingia linajaa kifua. Kaka siku hizi anakatisha chumbani humo, na akilipita tunamsikia anasema, "Samahani, mzee, napita." Mwenye alama hiyo, popote alipo, aje. Si lazima akumbuke jina la mtu. Atasema rangi.

Unakumbukwa na mume wako, anayekupisha bado, wifi yako, aliyesema nguo zigawiwe na leo ndiye anayenunua nyuzi, kifungua mimba wako fundi bomba na mkewe, kitinda mimba wako aliye kwenye pasi, na wajukuu wako wawili, ambao wamekwisha kuiambia pasi baridi "Bwana huyu." Na Mama Mabawa, aliyesema, "Niandikeni na mimi, mimi ni ndugu wa nguo."

Kila kola tutakayoigeuza, mama, tutakukuta.